Ushauri: Nichague risasi zipi za kujilinda kwa bastola ya milimita 9 hapa Malindi?

Muuza Nafaka, Malindi

Assalaam aleikum wazee wangu na ndugu zangu.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Malindi, na huu ni mwaka wa tatu ninamiliki kihalali bastola ya milimita 9 inayojipakia yenyewe. Cheti changu hakina tatizo, mafunzo nimepata, na bastola hulala ndani ya sefu iliyokazwa ukutani. Kinachonisumbua ni risasi zenyewe. Tangu siku ya kwanza nimekuwa nikitumia zile za kawaida zenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba kote, kwa kuwa ndizo nilizozikuta dukani, wala sikuwahi kuziwazia zaidi ya hapo.

Juma lililopita nilikwenda uwanja wa kulenga shabaha, nikaanza na risasi zilizokaa ndani ya magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, tangu kaskazi ya mwaka jana. Ya kwanza ilikataa. Nilivuta kifyatulio, nikasikia mlio mdogo wa chuma, kisha kimya. Mkufunzi aliniamuru nisiuondoe mtutu kwenye shabaha, tukasubiri nusu dakika nzima, ndipo nikaitoa. Nilipoitazama mkononi niliona mambo mawili: kwenye kitako, kuizunguka fataki, kile kidude kinachowasha baruti, palikuwa na duara jembamba la kutu ya kijani, na kichwa kilikuwa kimezama ndani ya ganda kuliko inavyopasa. Niliisimamisha mezani kando ya risasi mpya kutoka pakitini, na tofauti ya kimo ikaonekana kwa macho bila kipimo chochote.

Nina mke, watoto wanne na mama yangu mzazi. Kuta za nje za nyumba ni za mawe, lakini vyumba vya ndani vimegawanywa kwa plaiwudi. Mmoja ananishauri nichukue risasi zenye shimo kichwani, mwingine anasema hizo hukwama, wa tatu ananihimiza nitafute zenye nguvu zaidi. Nichague zipi, na nitajuaje kwamba siku ya haja hazitanigeuka?

Mzee wa Shela, Lamu

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kabla hatujafika kwenye aina, tuimalize kwanza hiyo iliyokataa, maana hata ukinunua risasi bora kuliko zote ukaziweka kwa mtindo huohuo, mwakani utarudi hapa na swali lilelile.

Nina hakika kwamba kila jioni unaitoa risasi iliyo chemba, yaani iliyo tayari nyuma ya mtutu, kabla ya kuweka bastola ndani ya sefu, na asubuhi unairudisha ileile. Kila mara slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, inaporuka mbele, kichwa cha risasi hugonga ule mteremko mdogo wa chuma unaokipandisha hadi chemba, na kila kipigo hukisukuma ndani kidogo. Ganda la milimita 9 lina urefu wa milimita 19.15, na risasi nzima haizidi milimita 29.69, kwa hiyo nafasi ya baruti ndani yake ni finyu sana. Kichwa kikizama hata milimita moja, nafasi hiyo hupungua na shinikizo hupanda kwa kiwango ambacho bastola haikuundwa kukihimili. Ashukuriwe Mungu kwamba ilikataa kulia, kwa sababu ingelia pengine ungeumia mkono. Usiipige tena, na usiitupe baharini wala jalalani. Mpelekee muuzaji mwenye leseni au kituo cha polisi.

Kuhusu fataki, niambie: je, huwa unazipangusa risasi kwa kitambaa chenye mafuta?

Muuza Nafaka, Malindi

Mzee wangu, umesema kana kwamba unaniona. Kila jioni huitoa, na kila asubuhi huirudisha ileile juu ya magazini. Na ndiyo, nimekuwa nikizipangusa kwa mafuta mepesi ya kupenya nikidhani nazikinga na chumvi.

Mzee wa Shela, Lamu

Hayo ndiyo maradhi yenyewe. Mafuta ya kupenya huingia palepale maji yasipoweza kuingia, na yakiifikia fataki huiua. Bastola ipakwe mafuta, tena kidogo. Risasi zikae kavu. Upepo wetu hauna huruma: sote tunaona jinsi vyuma vya madirisha yanayotazama bahari vinavyoliwa na chumvi, na wakati wa kusi unyevu hupenya hadi ndani ya makabati. Weka risasi za akiba katika mkebe wenye mpira kwenye mfuniko, utie ndani vile vifuko vya chembe zinazonyonya unyevu ambavyo huja na viatu vipya. Kila mwezi zitoe zilizo kwenye magazini, uzitazame moja moja mwangani. Ile inayoingia chemba uizungushe na wenzake, na ukiona imefupika hata kidogo, iweke kando. Zilizokaa mwaka mmoja kwenye magazini zimalizie mazoezini, uweke mpya.

Bi Mkufunzi, Malindi

Ndugu yangu, Mzee amekufungulia mlango, nami niingie kwenye aina.

Risasi iliyofunikwa shaba kote hulishwa vizuri na karibu bastola zote, na kwa mazoezi sina neno nayo. Shida yake ni kwamba haipanuki. Katika jelatini ya majaribio, inayoigiza nyama ya mwili, hupita zaidi ya sentimita 60, maana yake inaweza kumpita uliyemlenga ikaendelea na safari kuelekea kwa asiyehusika. Yenye shimo kichwani hufunguka ikikutana na majimaji ya mwili, ikaongezeka upana na kupunguza mwendo.

Lakini kufunguka pekee hakutoshi. Tarehe 11 Aprili 1986, maafisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walipambana na majambazi wawili huko Miami, Marekani, na wawili wa maafisa hao wakauawa. Mmoja wa majambazi alikuwa amepigwa mapema risasi ya milimita 9 yenye shimo, ya greni 115 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Ilifunguka kama ilivyoahidi, lakini ikasimama kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kupigana kwa dakika kadhaa. Baada ya hapo FBI waliweka kipimo ambacho watengenezaji wakubwa wanakifuata hadi leo: risasi ipenye jelatini kwa inchi 12 hadi 18, yaani takriban sentimita 30 hadi 46, hata baada ya kupita kwenye nguo nzito. Jaribio la nguo ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu risasi nyingi za zamani zilikuwa zinazibwa shimo na kitambaa, zikaacha kufunguka kabisa, zikapita kama zile za kawaida.

Kwa hiyo unapouliza dukani, usiulize ipi ni kali. Uliza ni ipi iliyoundwa kwa ajili ya polisi na kupimwa kwa kipimo hicho. Uzito wa greni 124 au 147 ni chaguo la busara. Mimi binafsi natumia 124, kwa kuwa bastola yangu fupi huilisha bila kusita na mrudisho wake, yaani kipigo cha nyuma mkononi, nauweza.

Kuhusu kukwama, aliyekuambia hakukosea kabisa. Bastola za zamani ziliundwa kwa kichwa cha mviringo, na shimo lenye kingo kali lilikuwa likijikwaa kwenye mteremko. Bastola nyingi za sasa hazina shida hiyo, ila "nyingi" si "yako". Piga risasi 200 za aina utakayoichagua, ukitumia magazini zako zote, bila kusafisha katikati, na baadhi uzipige kwa mkono mmoja. Ni gharama kubwa, najua, lakini hapo ndipo jibu lako lilipo.

Kijana wa Mpeketoni

Shikamooni. Kwa nini asichukue zile zenye alama ya +P? Zina nguvu zaidi. Halafu nimesikia kwamba risasi zenye shimo zimepigwa marufuku duniani.

Bi Mkufunzi, Malindi

Marahaba, mdogo wangu. Alama ya +P maana yake ni shinikizo lililoongezwa kwa asilimia 10, kutoka paundi 35,000 kwa inchi mraba hadi 38,500. Faida yake katika milimita 9 ni ndogo, ilhali mrudisho, mwanga wa mtutu na uchakavu wa springi vyote huongezeka. Asome kwanza kitabu cha bastola yake kama kinaruhusu.

Marufuku uliyoisikia ni Azimio la The Hague la mwaka 1899, nalo linahusu majeshi ya nchi zilizo vitani. Raia anafuata sheria ya nchi yake. Kwetu Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti cha mmiliki hutaja kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho. Kabla ya kununua aina nyingine, aende na cheti mkononi kwa afisa wa leseni, aulize, na hesabu ya zile 200 aipange asivuke kiasi chake.

Fundi Chokaa, Amu

Naongeza moja tu kuhusu nyumba, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Kuta za kale za Mji wa Kale, za matumbawe na chokaa, huimeza risasi ya bastola. Plaiwudi haiimezi, iwe risasi ya shimo au isiwe. Risasi yoyote inayofaa kujilinda nayo itapita ubao na ubao wa pili. Bwana Nafaka, simama pale ambapo ungesimama usiku, utazame nyuma ya mlango unaoulenga nani amelala.

Muuza Nafaka, Malindi

Ndugu zangu, zimepita wiki tano na ninawashukuru kutoka moyoni.

Afisa alikitazama cheti akaniandikia kiasi ninachoweza kuchukua, nami nikanunua za greni 124 kwa awamu. Nimepiga 200. Mia moja na sitini za kwanza hazikusita. Kisha mara tatu slaidi ilifunga bila kuipandisha risasi, na mara zote tatu ilikuwa magazini ileile, niliyoinunua pamoja na bastola. Mkufunzi aliifungua akakuta springi imelegea na chumvi imeganda chini ya kibati kinachosukuma risasi juu. Tumeitia springi mpya, nikapiga nyingine 50 kwayo peke yake, zote zikapita.

Ile ya kutu nimemkabidhi muuzaji. Kuhusu maneno ya Fundi, nilisimama nilipoelekezwa usiku watoto wamelala, nikagundua kwamba nyuma ya mlango wa ukumbini, mbao mbili tu mbele yangu, ndipo kilipo kitanda cha mama. Kesho yake asubuhi tulikihamishia upande wa ukuta wa mawe.