Nataka kuwa afisa ustawi wa jamii anayehudumia wazee wenye demensia: nianzie wapi?

Mwanahawa_Muheza

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari zenu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Nimemaliza kidato cha sita na sasa najiandaa kuomba chuo. Katika kuzungukia kaya nimekutana na wazee wenye dalili za demensia, yaani ugonjwa unaoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri: waliopoteza kumbukumbu kiasi cha kutowatambua watoto wao, wengine wanaotoka nyumbani usiku wakisema wanakwenda kwa wazazi wao waliokwisha kufariki zamani, na wengine wanaokataa kuoga au kumtuhumu mkwe kuwa amewaibia fedha. Zahanati hupima shinikizo la damu na kutoa dawa, lakini familia hurudi nyumbani bila kuelezwa namna ya kuishi na mgonjwa, na mara nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja au mkwe mmoja asiye na wa kumpokea. Kazi ninayoitaka ni ya kusimama kati ya mzee, familia yake na huduma za serikali.

Walimu wangu wananishauri nisome uuguzi kwa kuwa njia yake inaeleweka. Je, masomo ya ustawi wa jamii yanaweza kweli kunifikisha kwa wazee hawa, au nitashughulika na matunzo ya watoto na migogoro ya ndoa peke yake? Na kama inawezekana, nisome wapi, na nijifunze nini zaidi ya yale ya darasani?

Afisa_Kaskazini

Marahaba, mdogo wangu. Nafanya kazi ya ustawi wa jamii katika halmashauri moja mkoani Kilimanjaro, na nimefurahi sana kuona kijana anaitaka kazi hii kwa kuwa ameiona, si kwa kuwa amekosa nyingine.

Hutakuta tangazo la serikali linalotafuta afisa wa demensia. Utaajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii katika halmashauri, katika hospitali, au katika mojawapo ya makazi ya wazee ya serikali, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, Njoro huku kwetu, Kolandoto mkoani Shinyanga, na Mwanzange hapo hapo Tanga. Ndani ya cheo hicho ndimo utakamoijenga kazi yako. Mashauri ya watoto na ya ndoa utayapata, tena mengi, na nakuomba usiyadharau, kwa sababu uwezo wa kuwakalisha ndugu wanaogombana wakasikilizana ndio utakaouhitaji siku watoto wanne wanapobishana nani akae na mama na nani atoe fedha.

Hoja kwamba tatizo hili si la kwetu usiikubali. Utafiti uliofanywa wilayani Hai kati ya mwaka 2009 na 2010, kwa kuzungukia vijiji nyumba kwa nyumba, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Baadaye kikatengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambacho hakimtaki mzee awe anajua kusoma wala kuandika: huulizwa mambo kama siku ya leo na jina la kiongozi wa kijiji, hutaja majina ya wanyama, hukumbuka maneno aliyotajiwa, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kipimo hicho hakitoi hukumu ya ugonjwa, bali humwonyesha mhudumu ni mzee yupi anayepaswa kufika kwa daktari. Huko huko Hai vilijaribiwa pia vikundi vya kuchangamsha akili, vikao 14 ndani ya wiki 7, wazee wakizungumza juu ya chakula, utoto, sauti na vitu wanavyovijua, na matokeo yalionyesha nafuu katika kumbukumbu na katika wasiwasi wao. Katika yote niliyoyasoma kuhusu ugonjwa huu, hilo ndilo linalonipa moyo zaidi, kwa sababu halidai mashine wala dawa ya bei kubwa.

Sasa nikueleze kazi yenyewe ilivyo, maana hapo ndipo wengi wanapodhani ni kumliwaza mzee tu. Mzee anapoletwa kwako akiwa amechanganyikiwa, jukumu lako la kwanza ni kuhakikisha hakuna aliyekwisha kusema kwamba ni uzee tu na kufunga jalada. Yapo magonjwa yanayofanana na demensia na yanatibika, kama vile sonona, upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, maambukizi ya njia ya mkojo, na hata dawa zilizochanganywa vibaya. Wewe hutibu, lakini ndiwe unayeandika rufaa yenye maelezo ya kutosha na kufuatilia kama mzee alifika. Msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo upo kwa mujibu wa sera, ila familia nyingi hazijui utaratibu wake, na mara nyingi kikwazo kinachobaki ni nauli.

Jukumu la pili ni ulinzi. Mzee anayezungumza peke yake usiku au kuingia nyumba ya jirani bila kubisha hodi anaweza kuitwa mchawi, na katika maeneo ya Usukumani tunajua akina bibi waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa dini na baraza la wazee wakielezwa mapema kwamba mzee fulani ni mgonjwa, hatari hupungua. Maelezo hayo yakifika baada ya mkutano wa hadhara wenye hasira, yamechelewa.

La tatu, ambalo chuoni hugusiwa kidogo mno, ni mali. Nimeona hati za mauziano ya shamba zenye dole gumba la bibi asiyejua hata mwaka anaoishi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika vifungu vya 11 na 12, inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu wakati anapoufanya, kwa maana ya kuelewa anachokubali na kuweza kupima athari zake kwake. Uisome sheria hiyo wewe mwenyewe, kisha ujue dawati la msaada wa kisheria lililo karibu nawe, kwa sababu taarifa yako ya tathmini iliyoandikwa vizuri na kutiwa tarehe inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee alio nao mzee huyo.

Kuhusu chuo, Chuo cha Ustawi wa Jamii kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, kimekuwa kikiwaandaa watu wa kada hii tangu miaka ya 1970, kwa ngazi ya cheti, stashahada na shahada. Chuo Kikuu Huria kinakufaa ukitaka kusoma huku ukiendelea na kazi. Ninalokusisitizia ni mafunzo kwa vitendo: wenzako watakimbilia ofisi za mjini, wewe omba makazi ya wazee au kitengo cha ustawi cha hospitali ya rufaa.

MamaRehema_Likoni

Mwanangu Mwanahawa, mimi si mtaalamu. Ninamuuguza mama yangu hapa Mombasa, na naomba nikuambie tunachokihitaji sisi tunaoshinda na mgonjwa, kwa sababu afisa aliyetutembelea aliuliza maswali mengi juu ya mama, akayaandika yote, akaondoka bila kuniuliza kama mimi nalala.

Nilihitaji mtu wa kunieleza kwamba mama anapobadilika jioni, akawa na hofu na kutaka kwenda kwao, hiyo ni sehemu ya ugonjwa, na kwamba kumbishia kunamzidishia hofu. Siku hizi akisema anakwenda kwao, namuuliza kwao kulikuwaje, tunazungumza juu ya minazi ya babu hadi anatulia. Nilihitaji kuambiwa niweke komeo mahali asipopatazama, nimshonee kitambaa chenye namba ya simu ndani ya dera lake, na niwape majirani na imamu habari kabla hajapotea, ili siku akitoweka tangazo litoke msikitini mara moja. Haya yote nilijifunza kwa walezi wenzangu. Kenya tunalo Shirika la Alzheimer na Demensia, ambalo huwakutanisha walezi, na kwangu mimi kumsikia mwenzangu akisema kwamba naye humkasirikia mamake kisha akalia, kulinisaidia kuliko ushauri wowote wa ofisini.

Jambo jingine ni fedha na ndugu. Serikali yetu huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, kwa walioandikishwa, na kiasi hicho hakitoshi hata nepi za wiki chache. Ndugu zangu wa kiume hutuma wanachoweza, na nawashukuru, lakini hawajui maana ya kumwosha mama anayekupiga kwa sababu hakujui. Afisa mwenye hekima angewaita, hata kwa simu, akawapangia zamu. Mimi nikisema huonekana nalalamika; akisema mgeni mwenye cheo, watasikia. Ukiipata kazi hiyo, mwanangu, anza na mlezi kabla ya kufungua daftari lako.

Msafiri_Leicester

Salaam kwenu nyote. Naongeza upande wa ughaibuni, kwa kuwa vijana wengi wa nyumbani huniuliza kama njia hii inaweza kuwafikisha huku, na mara nyingi huchanganya kazi mbili zilizo tofauti. Mhudumu wa matunzo ndiye anayemwosha, kumlisha na kumvisha mzee, na ni kazi ya heshima ambayo Waafrika Mashariki wengi wanaifanya. Afisa ustawi wa jamii ni taaluma nyingine, na hapa England cheo hicho kinalindwa na sheria: ni lazima uwe na shahada inayokubalika na uandikishwe na chombo cha usimamizi kiitwacho Social Work England, kilichoanza kazi hiyo Desemba 2019. Aidha, tangu Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya waajiri kuwaleta wahudumu wa matunzo wapya kutoka nje ya nchi, kwa hiyo wakala yeyote anayekuomba fedha leo kwa ahadi hiyo, mkimbie.

Lipo jambo moja la huku ambalo ningependa ulichukue bila kupanda ndege. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales, inaanza na dhana kwamba kila mtu mzima ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na uwezo huo hupimwa kwa kila uamuzi peke yake. Mzee anaweza kushindwa kusimamia akaunti ya benki na bado akajua kabisa anataka kuishi na mtoto yupi. Nimeona wazee waliozungumziwa juu ya vichwa vyao katika vikao vya familia ilhali wameketi pale pale, na jibu walikuwa nalo. Jizoeze kuuliza mzee kwanza, kwa sentensi fupi, asubuhi akiwa hajachoka, katika lugha aliyoizoea tangu utotoni.

Mwanahawa_Muheza

Nawashukuru sana. Mama Rehema, nimesoma maneno yako mara mbili, na Mungu akupe nguvu. Nimeamua kuomba ustawi wa jamii. Kaka wa Kaskazini, naomba unisaidie jambo moja tu: katika miezi hii kabla chuo hakijafunguliwa, kuna ninaloweza kulifanya hapa Muheza bila kuvuka mipaka ya kazi yangu?

Afisa_Kaskazini

Lipo. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, ujitambulishe, umweleze ulichokiona, na umwombe akuruhusu kuambatana naye katika ziara za nyumbani. Katika kaya zako mwenyewe, usitamke jina la ugonjwa ambao daktari hajautamka. Andika tu mabadiliko familia inayoyasimulia, yalianza lini, yanazidi kwa haraka au polepole, mzee anatumia dawa zipi, na anayemlea ni nani, kisha umpeleke mzee zahanati pamoja na maelezo hayo. Daktari anayempata mgonjwa asiyeweza kujieleza atayathamini kuliko unavyofikiri.

Na zungumza na mganga mfawidhi kuhusu kuwakutanisha walezi mara moja kwa mwezi, hata wakiwa watatu chini ya mti wa zahanati. Kibali kikipatikana, niandikie hapa nikutumie mwongozo wa mazungumzo ya kikao cha kwanza.