Pampu isiyo na valvu inasukumaje maji upande mmoja?

mdadisi_x: Wakuu naomba kueleweshwa, hizi pampu ndogo za kwenye chipu za maabara (vile vibao vidogo vyenye vinjia vya kupitisha vimiminika) hazina valvu hata moja, ni kachemba tu na kidiski cha piezo (kile kinachojipinda kikipewa umeme) juu yake kinachotetemeka. Sasa kikibonyea si maji yatoke pande zote mbili, kikinyanyuka yarudi pande zote mbili? Mi nikipiga hesabu napata sifuri.

mrija: Angalia vile vinjia viwili mkuu, havijanyooka. Kila kimoja kinaanza chembamba kinapanuka taratibu kuelekea maji yanakotakiwa kwenda, na maji yakitoka kwembamba kwenda kupana yanapata ukinzani mdogo kuliko yakirudi. Kwa hiyo diski ikinyanyuka chemba inavuta pande zote kweli ila njia ya kuingilia ndo inaleta mengi, ikibonyea mengi yanapita njia ya kutokea. Kinachobaki kila pigo ni kiduchu mno lakini diski inapiga mamia ya mara kwa sekunde. Erik Stemme na Göran Stemme wa Sweden ndo walioitoa hii 1993. Pembe isizidi sana, digrii 10 hivi inatosha, ukipanua mno maji yanaachana na ukuta yanaanza kujizungusha na faida yote inaliwa.

kapilari: Hesabu yako ya sifuri sio ya kutupa lakini. Huu ujanja unataka maji yawe na kasi ya kutosha, weka kitu chenye mnato kama gliserini au fanya njia nyembamba kupindukia, namba ya Reynolds (inayolinganisha msukumo wa mwendo wa kimiminika na mnato wake) ikishuka chini ya 1 kimiminika kinarudi vilevile kilivyokwenda na pampu inatetemeka bure.

mdadisi_x: Duh. Si waweke valvu tu basi?

mrija: Valvu ya saizi hiyo inachoka, chembe moja ikinasa imekwisha, na ukipitisha seli zinaumia. Hata moyo wa mimba changa unaanza kusukuma damu ukiwa mrija tu, valvu zinaota baadaye.

kapilari: Ila ukizima umeme maji yanarudi kama huko mbele kuna presha, hakuna cha kuyazuia. Na kapovu kakiingia kwenye chemba ndo balaa, diski inabonyeza hewa, maji yametulia tuli. Toa hewa kwenye maji kwanza ndo ujaze, tena jaza polepole.