Nimeombwa nitie wino kurasa 22 za katuni. Hii ni kazi ya mtu au kibarua cha kupitisha siku?

hina_na_piko (Lamu)

Asalaam aleikum wadau.

Mimi ni fundi wa hina hapa Langoni, mwaka wa tisa sasa. Msimu wa harusi sishiki simu, na Ramadhani ikiingia nakaa mikono mitupu mpaka zibaki siku chache Idi ifike. Mwenzangu niliyesoma naye, siku hizi yuko Nairobi, amechora kwa penseli hadithi ya kurasa 22 juu ya nahodha mmoja wa Pate. Aliona picha za piko yangu, ile hina nyeusi, akaniambia, "Mkono wako hautetemeki, nitilie wino." Nikadhani ananichezea. Juzi bahasha ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka na boti, ikanifikia kona zimelowa.

Nimezitandaza kurasa sakafuni, nikaingiwa na hofu. Mistari imerudufiwa, mitatu mitatu pahali pamoja, sijui upi ndio. Penye vivuli ametia alama ya x wala hakueleza ya nini. Tena ukurasa wa 6 kachora jahazi, mlingoti umesimama wima kama nguzo ya stima! Mtu aliyekaa forodhani dakika kumi anajua mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Niurekebishe, au nifuate nilichopewa?

Mama kila akinipita huuliza, "Kazi gani hiyo ya kupita ndia ya mwenzio?" Sina la kumjibu. Wenye kujua nambieni, kuna watu wanaokula kwa kazi hii? Na natumia nini? Nilicho nacho ni koni za piko na kalamu nyeusi ya duka la vitabu.

bwana_kinara

Si kufuatisha mistari tu hiyo? Mtoto wa darasa la nne anaiweza. Piga skani, koleza giza kwenye kompyuta, umemaliza. Mwambie akupe elfu mbili ukale sambusa.

nibu_tatu (Malindi)

Waaleikum salaam dadangu. Kinara nitamrudia chini, kwanza nina haja na wewe.

Natia wino huu mwaka wa kumi na tano. Kabla yake nilikuwa mwandika mabango hapa Malindi: vinyozi, bucha, majina ya mashua. Mkono wa bango ndio ulionileta huku kama piko ilivyokuleta wewe, kwa hiyo usijione umevamia shughuli ya watu.

Nianze na hiyo x maana ndiyo rahisi. Penye x jaza weusi mtupu. Mchoraji hamalizi risasi ya penseli kukoleza kanzu nzima, anatia x anakuachia. Ila tazama kinachopakana nayo. Kanzu nyeusi ikikutana na ukuta mweusi, mtu anamezwa, humwoni tena. Acha uzi mweupe baina yao, mwembamba kama ule unaoshonewa kofia.

Mistari mitatu ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo jibu la mama. Penseli inatafuta, wino hautafuti. Mwenzako kaacha mistari mitatu ya taya la nahodha kwa sababu hakuamua, na wewe ndiye utakayeamua taya ni lipi. Ukishika wa nje, nahodha kashiba. Ukishika wa ndani, ana njaa ya siku nne baharini. Sasa utajuaje? Soma hadithi mpaka mwisho kabla hujafungua chupa. Wengi wanaoanza hawasomi, wanaanza tu ukurasa wa 1 kama wanaopaka rangi ukuta.

Halafu unene. Hili mkono wako unalijua hata kama mdomo haujawahi kulisema. Ua la piko kikonyo chake ni chembamba, tumbo la jani ni nene, na ukikamua koni kwa nguvu moja kote kote linatoka kama waya wa uzio. Katika katuni kilicho karibu na msomaji hupata mstari mnene, cha mbali mwembamba. Upande wa jua mwembamba, upande wa kivuli mnene. Wiki iliyopita nilikuwa na fremu moja, mkono umeshika kamba, nyuma yake mtaa mzima wa maghorofa. Kamba ile ilinila saa nzima. Ukingo wa chini kwa brashi, mstari mmoja bila kuinua, ukingo wa juu kwa nibu, ile ncha ya chuma ya kuchovya wino, na zile nyuzi zilizosokotwa nikazikata kabla hazijafika ukingoni ili kamba ivimbe. Maghorofa nikayapitia kwa nibu nyembamba dakika ishirini. Jambo moja tu lilinishinda: kona ya dirisha la nyuma ilikuwa inagusa kidole gumba, ukiangalia unaona kama kidole kimeota dirisha. Nikalisogeza unywele mmoja kushoto. Cha karibu na cha mbali vikigusana mistari, karatasi inakufa, inalala bapa.

Usinijie sasa ukasema, "Si hata wewe ulirekebisha?" Unywele ni unywele. Mlingoti ni mlingoti. Usiuguse kimyakimya, wala usiunyamazie. Nenda forodhani upige picha ya jahazi, mtumie, mpigie simu. Akikubali, uchore upya kwa penseli hafifu umwonyeshe kabla tone halijaanguka. Kulikuwa na Mmarekani, Vince Colletta, aliyetia wino kurasa nyingi za mchoraji Jack Kirby miaka ya 1960, hasa za katuni ya Thor. Sifa yake ilikuwa mbio. Kazi iliyochelewa ukimpa yeye, kiwanda cha kuchapa hakikungoji. Lakini alikuwa akifuta. Watu wa nyuma, madirisha, vitu alivyohangaika navyo Kirby, vingine vikatoweka, vingine vikageuka vivuli vitupu. Alifariki 1991 na hadi leo wenye kuijua fani wakimtaja, wanataja alichofuta. Wewe unarekebisha ukweli na yeye alikuwa anaokoa muda, naelewa, lakini kwa mwenye penseli yote mawili ni mtu kuingia ndani bila hodi.

Umeuliza kama watu wanakula. Kazi hii ilizaliwa na mashine. Kamera za kutengenezea sahani za kuchapia zilijua cheusi na cheupe, basi. Penseli ni kijivu, ikipigwa picha inatoka nusu au haitoki kabisa. Marekani, ambako vitabu hivi vilitakiwa kila mwezi, wakagawana kama watu wa kiwanda: huyu aandike, huyu penseli, huyu wino, huyu maneno, huyu rangi. Humo wakatoka mafundi wakubwa. Umtafute Joe Sinnott. Ndiye aliyeshika wino wa katuni ya Fantastic Four kuanzia namba 44, mwaka 1965, na watu wakisifu kurasa za Kirby za miaka ile, nusu ya wanachokiona ni brashi ya Sinnott. Linalotuhusu sisi wa pwani ni kwamba hakukaa mjini kwa wachapishaji. Alikaa Saugerties, kimji kando ya mto Hudson, kurasa zikimfikia kwa posta na kurudi kwa posta. Alistaafu 2019 akiwa na miaka 92, bado akitia wino Spider-Man wa magazeti ya Jumapili. Kwa hiyo Mokowe na boti si kizuizi.

Kizuizi ni kwamba kazi zimepungua, na hapo Kinara kasema nusu ya kweli. Tangu skana nzuri zije, wapo wachapishaji wanaokoleza penseli kwenye kompyuta na kupeleka hivyo hivyo. Wachoraji wengi nao wanamaliza kila kitu wenyewe juu ya tableti. Mimi mwaka mzima wa wino peke yake sijawahi kuupata. Miezi saba hivi wino, iliyobaki utanikuta juu ya ngazi na kopo la rangi. Usiache hina. Lakini Kinara, chukua penseli za huyu dada, zenye taya tatu tatu, uzikoleze halafu utuwekee hapa tuone.

Jambo jingine, mtia wino hurithi ucheleweshaji wa wote. Mwandishi akichelewa wiki na mchoraji wiki, tarehe ya kiwanda haisogei, wiki mbili zinakatwa kwako. Mwaka mmoja nilipokea kurasa 20 zikiwa zimebaki siku tisa. Nilizimaliza, mke wangu akinilisha mkate wa sinia huku nimeshika brashi. Kitabu kikatoka. Jina la mwandishi lipo, la mchoraji lipo, hata la aliyeandika dibaji lipo. Langu halipo. Malipo yakaja baada ya miezi minane, tena nusu. Mchapishaji simtaji. Ila tangu siku hiyo sifungui chupa kabla hatujakubaliana jina litakaa wapi, bei ni kwa ukurasa wala si kwa kitabu, na nusu iwe imeingia kwenye simu. Hata kwa rafiki. Hasa kwa rafiki.

Vifaa. Koni weka kando. Piko si wino, ikikauka itapasuka na kubanduka. Kalamu ya duka la vitabu wino wake hukimbia ukiguswa na maji na kupauka juani. Tafuta wino wa India, ule ambao ukishakauka hauyeyuki tena. Brashi namba 2 yenye ncha ya kweli, nywele asilia ukiweza. Usiizamishe mpaka kwenye bati lake, maana wino ukikaukia humo nywele hupanuka na ncha hairudi. Ioshe kwa sabuni ya kipande, ncha uitengeneze kwa midomo, uilaze. Nibu mpya huja na mafuta ya kiwandani, kwa hiyo ipitishe kwenye moto wa kiberiti kidogo sana au uilambe, la sivyo wino utakaa matone matone. Mimi hulamba. Meno yangu usiyatazame.

Tena usitie wino juu ya penseli zake halisi. Tafuta saiba yenye printa ya A3, skani, zichapwe kwa buluu hafifu kwenye karatasi nzito, utie wino juu ya hiyo buluu. Ukishaskani tena, kompyuta inaiondoa buluu na weusi unabaki. Ukiharibu unachapa nyingine. Penseli zinabaki zake na karatasi yenye wino ni yako, ukipata wa kuinunua uza.

Na unyevu wa huko kwenu naujua. Masika karatasi inavimba na wino unagoma kukauka. Fanya kurasa tatu kwa zamu, moja ikikauka uko kwenye nyingine, na kipande cha karatasi safi kikae chini ya kiganja siku zote.

patasi_lamu

Mimi ni wa milango. Kwetu anayechora nakshi juu ya ubao na anayeshika patasi si lazima wawe mmoja. Marehemu baba alichora kwa penseli ya seremala, mimi na ndugu yangu tukachimba. Ubao ukipasuka hakuna mteja aliyewahi kuilaumu penseli. Mwambie mama hivyo, atafahamu, naye ni wa Lamu.

Kwa mlingoti sikubaliani na nibu_tatu. Mimi ningeuinamisha nikanyamaza. Nahodha wa Pate na mlingoti wima, watacheka mpaka Kizingitini! Na ukifika hapo angalia na foromali, ule mti unaobeba tanga, isije ikawa kijiti cha mshikaki.

bwana_kinara

Nimejaribu kukoleza mchoro wa penseli wa mdogo wangu. Pua zimekuwa mbili na uchafu wote wa ufutio umetoka mweusi. Nimenyamaza. Sambusa nanunua mimi.

hina_na_piko (Lamu)

Ahsanteni sana. Ami nibu_tatu, Mungu akuzidishie. (Nimekwita ami, kama u kijana nisamehe.)

Nimempigia. Mlingoti amekubali, akacheka sana, kumbe alitazama picha ya merikebu ya Wazungu. Foromali nayo amesema niirefushe, kwa hiyo patasi_lamu umepata bila kunyamaza. Jina litakaa ukurasa wa kwanza chini ya lake. Nusu ya pesa anasema Ijumaa.

Saiba ya tatu ndiyo iliyokuwa na printa ya A3. Nimejaribu fremu moja ya ukurasa wa 2, nahodha anatazama pwani. Nimemshikia taya la ndani, maana ukurasa wa 9 anasema hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Mama amesimama nyuma yangu kitambo, akasema, "Huyu ana ndaa." Sikumwambia kitu, nimemwacha tu.

Lakini duara zinanishinda. Mtungi wa maji nimeuvuta mara nne, kila mara unatoka na pembe pale ninapopindisha vidole. Kwenye hina sijawahi kupata shida hii. Ni brashi au ni mimi?

nibu_tatu (Malindi)

Ami ni sawa, mvi zipo.

Si brashi. Umeigundisha karatasi mezani kwa selotepu, kweli au si kweli? Ibandue. Kwenye hina bibi harusi unamzungusha mkono, wewe hujipindi. Karatasi nayo igeuze, hata juu iwe chini, mpaka mstari uwe unakuja kwako, uuvute kwa bega wala si kwa vidole. Mtungi uvute mara mbili, ubavu huu na ubavu huu, zikutane chini penye kivuli, hapo ukinenepesha hakuna atakayeona kiungo.

Ijumaa ikipita na simu haijalia, usianze ukurasa wa 3.