Naomba ushauri: kutia singa mpya katika burashi kongwe ya kunyolea
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Niko Lamu, nami nina burashi ya kunyolea ya marehemu babu, yenye mpini wa pembe ya ng'ombe unaopendeza mno, ila singa zake zimepukutika karibu zote. Nimepata kitita kipya cha singa za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia aliye jamaa ya nyegere, chenye kipenyo cha milimita 24, ilhali tundu la mpini ni milimita 22. Seremala wa mtaani yuko tayari kulipanua kwa keekee, lakini nachelea pembe isije ikapasuka. Na kulainisha gundi ya zamani kwa mvuke sithubutu, kwa kuwa joto huipinda pembe. Je, msasa uliozungushiwa kijiti utatosha? Na kabla ya kutia gundi ya epoksi, kitita nikizamishe kiasi gani, maana kikizama sana singa hukakamaa, nami nazitaka laini?