Kuhamia Maryland na watoto watatu: Columbia, Silver Spring au Bowie?

BintiChumbageni

Ndugu zangu, nawasalimu. Tumeishi kitongoji cha nje ya Houston kwa miaka sita, na sasa inatulazimu kuhama kabla ya shule kufunguliwa, kwa sababu mume wangu amepata kazi hospitalini Baltimore nami nimepangiwa ofisi ya Rockville. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 15 aliyetufuata mwaka jana baada ya kumaliza kidato cha pili Tanga, mvulana wa miaka 10, na kitinda mimba wa miaka mitano.

Sitafuti shule yenye alama za juu peke yake. Huku tuliko, mvulana wangu ndiye mtoto mweusi pekee darasani mwake, na juzi aliniomba nisimwite kwa Kiswahili getini wenzake wakisikia. Jambo hilo limeninyima usingizi. Lakini pia sitaki kumpeleka mahali ambapo mwalimu akimwona tu ameshamkatia tamaa. Tumebakiwa na Columbia, Silver Spring na Bowie, na tutapanga kwanza kabla ya kufikiria kununua. Wanaoishi huko, naomba mnieleze mnayoyaona kwa macho yenu.

Mkazi_wa_OwenBrown

Dada, karibu sana. Nimeishi Columbia miaka kumi na mitatu, kwa hiyo upendeleo wangu uujue mapema.

Mji huu haukuota wenyewe. Mjenzi James Rouse alinunua mashamba ya Kaunti ya Howard kimyakimya, akaufungua mji mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya sheria ya shirikisho iliyopiga marufuku ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba, na tangu siku ya kwanza alikusudia weusi na weupe, wenye nazo na wa kipato cha kati, wakae mtaa mmoja. Mji umegawanywa katika vijiji, vingi vikiwa na maduka yake, njia za miguu na mabwawa ya kuogelea. Hata masanduku ya barua yaliwekwa pamoja ili majirani wakutane wakienda kuchukua barua, na madhehebu mbalimbali yalijengewa majengo ya ibada ya kutumia kwa pamoja. Mimi mwenyewe jirani yangu wa kwanza nilimfahamu kwenye masanduku hayo.

Kwa safari zenu, Columbia iko kati ya Baltimore na Washington, hivyo mume wako hatateseka. Wewe wa Rockville utahitaji gari, kwa kuwa treni ya Metro haifiki hapa, na huenda ukajikuta unatumia barabara ya kulipia namba 200 ili kukwepa foleni. Mkija kununua, kumbukeni kwamba nyumba nyingi hutozwa ada ya kila mwaka ya jumuiya ya Columbia, inayokokotolewa kwa thamani ya nyumba, nayo ni nje ya kodi ya kaunti. Wageni wengi huigundua siku ya kusaini.

Wa_Likoni

Mimi ni Mkenya niliyelea watoto wanne Silver Spring, na sioni sababu ya kukimbilia mji uliopangwa kwa rula. Hapa ukitoka nje unakutana na Mhabeshi, Msalvador, Mkameruni na Mmarekani mweusi kabla hujafika kituo cha basi. Katika kaunti yetu ya Montgomery hakuna kundi moja linalofikia nusu ya wakazi. Kama ninyi ni Waislamu, msikiti wa Muslim Community Center uko New Hampshire Avenue, na Idi utadhani uko Mombasa kwa wingi wa kanzu, ingawa si zote ni za kwetu.

Lakini nikuonye jambo moja. Ukiangalia ramani ya Metro utaona Silver Spring na Rockville ziko kwenye laini moja nyekundu, ukafurahi. Laini hiyo ina umbo la kiatu cha farasi: lazima ushuke hadi katikati ya Washington ndipo upande tena upande wa pili. Wengi wetu tunaendesha gari. Na mzee naye atalazimika kupanda barabara ya 95 kila asubuhi kwenda Baltimore, jambo ambalo ndoa nyingine haziwezi kulihimili.

MamaNeema

Bowie haipewi haki yake. Kaunti yetu ya Prince George's ni miongoni mwa kaunti za watu weusi zenye kipato cha juu zaidi Marekani nzima, na mwanao atakuwa na daktari mweusi, mwalimu mkuu mweusi na jirani mweusi mwenye boti uani. Mjue pia kwamba katika miaka ya 1960 kampuni ya Levitt ilijenga mtaa wa Belair hapahapa Bowie na ikakataa kuwauzia watu weusi, hadi watetezi wa haki za kiraia wakaandamana. Leo sisi ndio wengi. Mume wako anaweza kupanda treni ya MARC kituo cha Bowie State moja kwa moja hadi Baltimore. Kwako Rockville ni mbali, hilo silifichi, na ubora wa shule hutofautiana sana kati ya jengo moja na jingine.

Chaki_na_Ubao

Ninafundisha katika mojawapo ya kaunti hizi, na ningependa kuligeuza swali. Mnalinganisha miji, ilhali mtoto hasomi mjini, anasoma katika jengo moja, darasa moja. Wastani wa kaunti hauwezi kukuambia atakaa na nani mezani wakati wa chakula.

Nitoe mfano ninaoutumia sana. Montgomery ilipitisha mwaka 1974 sheria inayowataka wajenzi watenge sehemu ya nyumba mpya kwa watu wa kipato cha chini kidogo, na mamlaka ya nyumba ya kaunti ikapewa haki ya kununua baadhi yake. Familia zilizopewa nyumba za umma zilipangiwa mtaa bila kuchagua, hivyo mtafiti Heather Schwartz akapata nafasi adimu ya kuwafuatilia watoto wapatao 850 kati ya 2001 na 2007. Matokeo yake aliyoyatoa mwaka 2010 yalionyesha kuwa watoto maskini waliosoma katika shule zenye umaskini mdogo waliwapita wenzao waliokuwa katika shule zenye umaskini zaidi, hata pale ambapo shule hizo za pili ziliongezewa fedha na kupunguziwa idadi ya wanafunzi darasani. Kwa hiyo mchanganyiko si pambo, unafanya kazi. Lakini unafanya kazi ndani ya shule, si kwenye bango la mji.

Basi chukueni anwani ya nyumba mnayoitaka, muangalie shule tatu inazopangiwa: ya msingi, ya kati na ya juu. Nyota moja hadi tano zinazotolewa na jimbo zisomeni, ila tazameni zaidi matokeo ya kila kundi la wanafunzi. Kisha nendeni shuleni, muulize ni wanafunzi gani wamo katika madarasa ya juu ya hisabati. Nimeona shule zenye sura ya dunia nzima ukumbini, halafu ukifungua mlango wa darasa la juu unakuta rangi moja au mbili tu. Dalali msimlaumu akikwepa swali la nani anaishi mtaa gani, kwa kuwa sheria ya makazi ya 1968 inamkataza kumsukuma mteja kwa misingi ya rangi au asili.

Na msiape kwa anwani. Novemba 2019 bodi ya shule ya Howard ilipiga kura kuhamisha zaidi ya wanafunzi 5,000 kati ya shule, ili kupunguza msongamano na kusawazisha umaskini. Wazazi waliokuwa wamenunua nyumba kwa ajili ya shule fulani waligundua kwamba mipaka ni mali ya bodi.

Mkazi_wa_OwenBrown

Ni kweli, na baadhi ya niliyoyasikia katika mikutano ile, kutoka kwa majirani wenye mabango ya upendo uani mwao, sitayaandika hapa. Bado ningechagua Columbia, lakini mwalimu amesema la kweli.

BintiChumbageni

Mwalimu, shikamoo na asante. Binti yangu ndiye anayenitia hofu zaidi. Texas walimrudisha nyuma darasa moja kwa sababu ya Kiingereza. Maryland itakuwaje?

Chaki_na_Ubao

Marahaba. Bebeni matokeo yake yote ya Tanga, yaliyopigwa mhuri, pamoja na ya Texas, maana krediti, yaani hesabu ya masomo aliyofaulu kuelekea kuhitimu, zinahesabiwa somo kwa somo, na kila krediti mtakayoiacha kabatini ataisoma upya. Atapimwa Kiingereza na kupewa msaada wa lugha, ambao ni haki yake kisheria, ila msisitize asiondolewe kwenye hisabati na sayansi za kiwango chake. Maryland pia humtaka kila mhitimu awe na saa 75 za huduma kwa jamii. Kwa anayehamia akiwa amechelewa hupunguzwa, kwa hiyo ulizeni siku ya kwanza. Halafu ulizeni kuhusu ithibati ya lugha mbili kwenye cheti chake, kwa sababu Kiswahili kinaweza kupimwa na kuhesabiwa. Mdogo wake anayekionea haya getini huenda akabadili msimamo akiona dada yake amekipatia tuzo.

BintiChumbageni

Hiyo ya mwisho nimemsomea mezani jana, akaniuliza kama na yeye anaweza kupimwa.

Tumeamua kupanga Columbia kwa mwaka mmoja, upande wa Oakland Mills au Owen Brown, kwa sababu mtu mmoja hawezi kubeba foleni yote ya nyumba. Juni tutakwenda shuleni kabla ya kusaini mkataba wa pango, nami nitauliza swali la madarasa ya hisabati nikiwa nimekaa na mkuu wa shule uso kwa uso. MamaNeema, Bowie sijaifuta. Naomba ukituona Jumapili moja tunazunguka na gari lenye namba za Texas, usituitie polisi.

MamaNeema

Nitawaitia pilau. Leteni kadi za chanjo za watoto, hapa wanazidai kuliko pasipoti.