Tupeane uzoefu: Waliowahi kuvuka daraja la reli lililogeuzwa njia ya miguu na baiskeli

Mwanzisha uzi
Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita nilitimiza hamu yangu ya siku nyingi, nikavuka daraja la Walkway Over the Hudson, juu ya mto Hudson pale Poughkeepsie, jimbo la New York. Treni zilianza kupita juu yake 1889. Mwaka 1974 likashika moto, likabaki limesimama bila kazi mpaka 2009, walipoweka sakafu ya zege na kuwafungulia wenye miguu na baiskeli. Ni kilomita 2 na ushee, na maji yako mita 65 hivi chini yako.

Kilichonishangaza ni upepo. Kule kwenye maegesho hata jani halikutikisika. Kufika katikati, kofia yangu ikaenda zake mtoni na baiskeli ikawa inanivuta upande. Daraja lenyewe wala halina habari na wewe, lilizoea treni za mizigo.

Nyie wenzangu yaliwakuta yapi?

Muoga wa Urefu
Mkuu, mimi niliaibika Kinsol Trestle, kisiwa cha Vancouver, Kanada. Lile ni la mbao, mita 44 kwenda juu, treni ya mwisho ilipita 1979, watembeaji wakafunguliwa 2011. Kimo ningekivumilia. Kilichonimaliza ni kwamba daraja limepinda, kwa hiyo ukitazama mbele unaiona ile miguu ya mbao iliyobeba mahali unapokwenda kukanyaga! Nikashika ukingo kwa mikono miwili, nikaganda. Katoto fulani kakanipita na kabaiskeli kake ka magurudumu matatu, kananitazama. Mke wangu akaniambia, "Tazama mgongo wangu tu, usitazame kingine." Nikavuka hivyo. Nimelipa gharama zote za safari kwenda kuangalia mgongo ninaouona kila siku.

Mzee wa Relini
Hahaha, pole sana kijana. Mimi nilikwenda Big Four Bridge, linalounganisha Louisville, Kentucky na Jeffersonville, Indiana. Treni zilipokoma mwishoni mwa miaka ya 1960, njia za kupandia ziling'olewa pande zote mbili, likabaki linaelea juu ya mto Ohio, huwezi kulipanda wala kulishuka. Mimi kwa pupa zangu nikaenda 2013, upande wa Louisville ulipofunguliwa tu. Nikatembea mpaka mwisho, Indiana naiona ile pale, ila pa kushukia hapakuwepo! Nikageuza. Njia ya upande ule ilifunguliwa 2014. Kabla hujafunga safari, uliza kama pande zote mbili ziko wazi. Madaraja haya ni makongwe, matengenezo hayaishi.

Baiskeli Kuukuu
Kwa sisi wenye magoti mabovu, njia za reli ni neema. Treni haiwezi mlima mkali, ndiyo maana wajenzi walitoboa vilima na kuyavuka mabonde kwa madaraja. Unakanyaga pedali kama uko uwanjani.

Mimi nilipita Headstone Viaduct kwenye Monsal Trail, Derbyshire, Uingereza. Hapo handaki linakutema moja kwa moja juu ya daraja: giza, giza, halafu ghafla bonde zima liko chini yako. Utamu huo niliukosa nusu, kwani niliingia handakini na miwani ya jua nikidhani taa ndizo mbovu. Daraja hilo la miaka ya 1860 lilimkasirisha sana John Ruskin, mwandishi wa Kiingereza wa enzi hizo, alisema reli imeliharibu bonde. Leo watu wanapanda kilimani makusudi kulipiga picha.

Mgeni wa Njia
Swali wakuu: miguu na baiskeli njia moja, hamgongani?

Baiskeli Kuukuu
Kengele mapema, na mwendo wa pole. Wenye kuziba masikio kwa muziki hawasikii kitu, hao unawasubiri tu. Adui mkubwa ni kamba ya mbwa: mwenyewe kulia, mbwa kushoto, kamba katikati. Niliwahi kuanguka kwa hiyo, na mbwa ndiye aliyepewa pole.

Muoga wa Urefu
Mwanzisha uzi, nataka nijaribu hilo la Hudson. Limepinda?

Mwanzisha uzi
Limenyooka mkuu. Na upande wa Poughkeepsie kuna lifti kutoka ufukweni, lakini uliza kwanza kama inafanya kazi siku hiyo. Kofia iache kwenye gari.