Kiswahili 84, Hisabati 28: nimlipie tuisheni au kuna jengine?

MamaKonde
Asalaam alaykum wana jukwaa. Nipo Konde, Pemba. Binti yangu ana miaka 13, yupo kidato cha kwanza. Darasa la sita alifaulu vizuri tu. Mtihani wa nusu mwaka kaleta hivi: Kiswahili 84, Kiarabu 77, Dini 88. Halafu Hisabati 28, Baiolojia 31, Jiografia 35. Baba yake anasema uvivu, atolewe chuo (madrasa) atiwe tuisheni ya jioni. Anaamka saa 11 alfajiri, skuli mpaka saa 7, chuoni saa 9 mpaka saa 11, na kwa vile ni msimu wa karafuu, usiku tunachambua sote, tunazitoa kwenye makonyo (vijiti vyake), mpaka saa 5. Walimu wanasema anasinzia darasani. Nishaurini kabla sijatoa pesa.

Maalim_Hesabu
Wa alaykumu salaam bibie. Zitazame hizo alama kwa mafungu. Kiswahili, Kiarabu na Dini zimesimama imara. Zilizoanguka zote ni za vitabu vya Kiingereza. Uvivu hauchagui masomo hivyo.

Lipime hili kabla ya lolote. Chukua karatasi yake ya Hisabati, maswali matano aliyokosa, mtu anayejua amsomee kwa Kiswahili tupu, yeye afanye. Akipata matatu au zaidi, kilichomwangusha ni lugha. Akikosa yote, mrudisheni kwenye sehemu, desimali na namba hasi, maana huko ndiko kidato cha kwanza kinakoegemea.

Mtego mkubwa ni maneno anayodhani anayajua. "Difference" kakariri kuwa ni tofauti, basi anaandika sentensi ya kueleza namba mbili zinatofautianaje, na mtahini alitaka hesabu ya kutoa. "Product" kwake ni bidhaa. Kwenye swali ni jibu la kuzidisha. Mtoto anajua kuzidisha na bado anapata sifuri.

Mnunulie daftari dogo, kila ukurasa aupige mistari upate safu tatu: neno, Kiswahili chake, na swali moja alilolifanya mwenyewe lenye neno hilo. Maneno matano kila siku ya skuli, yasizidi. Mwisho wa wiki funika safu ya Kiswahili umuulize yote 25. Aanze na maneno ya kuamrisha kwenye mtihani, "state" (taja), "explain" (eleza), "calculate" (kokotoa), kwa sababu yanajirudia kila somo. Hata kama wewe Kiingereza hukijui unaweza kumuuliza, jibu si lipo chini ya kiganja chako?

Tuisheni ya watoto 50 wanaosomewa notsi zilezile kwa Kiingereza kilekile, hapo unalipia kumkosesha usingizi.

Makonyo
Na usingizi wenyewe hana. Saa 5 usiku mpaka saa 11 alfajiri ni saa sita. Umri wake unataka saa nane mpaka kumi. Alichokisoma mchana hukaa kichwani akilala, kwa hiyo msimu mzima anasoma kwenye ndoo iliyotoboka.

Najua mtu atasema karafuu hazingoji, na kweli, zikilala rundo na makonyo yake zinapata moto na kuvunda. Lakini kinacholazimika kuisha usiku ni kazi, si mtoto kuwepo. Akirudi chuoni afanye kazi za skuli kukiwa bado na mwanga. Baada ya Magharibi achambue na wenzake mpaka Isha, ale, alale saa 3. Wakubwa mmalizie. Na siku za kuchuma asikose skuli: Hisabati ni mnyororo, akikosa wiki ya milinganyo rahisi, wiki ya pili haelewi hata ubao unasema nini.

Chuo muacheni. Saa mbili hizo sizo zinazomuangusha.

MamaKonde
Ahsanteni sana. Jaribio la maalim tumelifanya: katika matano kapata manne! Ila kuhusu usingizi, hata kabla ya msimu alikuwa akisinzia, na akipanda kilima anahema. Halafu, sijui kama lina uhusiano, anatafuna mchele mbichi. Namgombeza, haachi.

Nesi_Kisiwani
Lina uhusiano, mama, tena usimgombeze. Kutamani mchele mbichi, udongo au barafu ni dalili inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma. Msichana wa miaka 13 anakua kwa kasi, na kama ameshaanza hedhi anapoteza damu kila mwezi. Ongeza minyoo ya safura, inayong'ata utumbo na kunyonya damu. Mtoto wa hivyo anakaa darasani macho wazi na hakumbuki kitu.

Mpeleke kituo cha afya, omba vipimo vitatu:

Wingi wa damu, kwa kutobolewa kidole. Kwa umri wake, chini ya 12 (gramu kwa desilita) ni upungufu.

Choo, kwa ajili ya minyoo.

Mkojo, kwa kichocho, hasa kama huoga au kufua mtoni. Mkojo uchukuliwe baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na yale matone ya mwisho yasimwagwe, maana mayai hutoka zaidi wakati huo. Asiende siku za hedhi, damu itachanganya majibu.

Akipewa vidonge vya chuma, kosa la nyumba nyingi ni kuvimeza na chai. Chai ya rangi inazuia chuma kisiingie mwilini. Avinywe kwa maji, na chungwa au ndimu, chai ingoje saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, msiogope mkaacha dawa. Viwekeni juu, mtoto mdogo akivimeza ni sumu kali. Hiyo chai isishushie chakula pia. Dagaa na maharage akitiliwa ndimu ndiyo vizuri.

Rudini kupima baada ya wiki nne. Damu ikipanda msiache, muendelee kama miezi mitatu ili akiba ijae. Na isipopanda kabisa, mwambieni daktari, asije akaongezewa vidonge tu huku kichocho au minyoo bado imo.